Nilivyokufa Lusewa, Nalasi na Songea

Nilikubali safari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ugonjwa wangu wa zamani: nikikaa sana mahali pamoja, nyayo huanza kuwasha. Nimeuza mitumba Makambako, nimepasua mbao Njombe, nimelinda ghala la mahindi Mbinga, na kila nilikokwenda nilibeba kumbukumbu ya jukwaa la shule yetu ya sekondari. Lilikuwa meza za darasani zilizosogezwa pamoja na mapazia ya bwenini. Juu ya meza hizo niliwahi kuwa mfalme jioni moja. Sasa nimevuka arobaini, na tangu siku ile hakuna aliyewahi kunipa ufalme mwingine.

Sababu ya pili ni Skola, fundi cherehani wa Msamala, hapa Songea, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mama yake alifariki kijijini wakati yeye yuko Dar es Salaam. Alipofika, mazishi yalikuwa yamepita na watu walikuwa wanakunja majamvi. Hakupata kusema neno. Miaka ikapita, kisha kati ya mashati na sare za shule akaandika igizo la watu wawili. Ndani yake binti anawahi. Anaukuta mwili wa mama bado uko nyumbani, anapewa nafasi ya kuaga, na anasema yote aliyokuwa nayo moyoni. Hayo maneno ya mwisho ni marefu kweli. Nimeyasikia kupitia ukutani mpaka nimeyakariri.

"Kaka Beno," aliniambia, "nataka niyaseme mara moja tu, mbele za watu, mpaka mwisho. Halafu nitatulia."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe ni kondakta wa basi, halafu jirani mbeya, halafu mjomba. Mwisho wewe ni mama."

"Mama anasema nini?"

"Mama amekufa, kaka. Unalala tu."

Nikakubali. Haukuwa ufalme, lakini ilikuwa safari.

Msamala, Jumatano asubuhi, baridi ya mwezi wa saba ikiuma masikio, tuliondoka. Vijana wapenda sanaa wa mjini walikuwa wameandaa tamasha la maigizo madogo, na masharti yao yalinipendeza: waigizaji wasizidi watatu, igizo lisizidi saa moja, vifaa vyote viingie kwenye begi moja. Kila kikundi kilipaswa kwanza kwenda kucheza sehemu mbili za mkoa, kisha wote wakutane Songea kwa siku ya mwisho. Sisi tulipangiwa Lusewa na Nalasi. Kwenye begi tulikuwa na shuka jeupe, kanga mbili, kofia ya kondakta na miwani ya mjomba isiyo na vioo. Mkeka uligoma kuingia, tukaufunga kwa kamba juu yake.

Namtumbo tulishuka basi na kutafuta bodaboda za kutupeleka Lusewa. Dereva mmoja aliutazama ule mkeka, akatutazama sisi.

"Mna mgonjwa?"

"Tuna maiti," Skola akamjibu.

Kijana akarudi nyuma hatua moja. "Yuko wapi?"

Skola akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Anakufa kesho jioni."

Yule dereva alicheka, lakini nikaona anampa mwenzake ishara anipakie yeye.

Lusewa, Alhamisi. Mwenyeji wetu alikuwa Mama Paskalia, mkulima wa tumbaku na kiongozi wa kwaya, mama wa makamo ya wazazi wetu. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshaanza kutuuliza tumekula nini njiani. Alituchagulia uwanja wa mbele ya bani lao, lile jengo refu la kukaushia tumbaku. Tumbaku ilikuwa imeshauzwa, bani liko tupu, ila harufu ilikuwa imebaki kwenye kuta, tamu na nzito, na ilinikaa kooni siku nzima.

Nilikuwa na hamu ya kujua watu watatutazamaje. Mjini mtu akiangalia igizo hukunja mikono akasubiri kufurahishwa. Lusewa walikuja na vigoda vyao, wakakaa karibu kiasi kwamba ningeweza kuwagusa, na tangu nilipotokea na kofia ya kondakta wakawa ndani ya mchezo. Kondakta alipompandishia binti nauli, mzee mmoja akanifokea, "Acha hizo, mtoto wa watu ana msiba!" Nilipovaa miwani ya mjomba na kusema mwili utolewe hata kama binti hajafika, palitokea mjadala.

"Mjomba, subiri kidogo!"

"Asubiri nini? Jua linazama, kaburi liko wazi."

"Kwani gari likiharibika ni kosa la mtoto?"

Nilisimama na miwani yangu nikisubiri kikao kiishe. Hatimaye waliamua kwa wingi kwamba mjomba asubiri, na kwa bahati nzuri ndivyo igizo lilivyoandikwa.

Kisha nikalala kwenye mkeka na Skola akanifunika shuka. Nikasikia hatua zake zikija, nikasikia anapiga magoti. Nikajua sasa yanakuja yale maneno. Alivuta pumzi.

Kabla hajafungua kinywa, sauti ya mwanamke ilianzisha wimbo. Ilikuwa sauti ya Mama Paskalia. Wa pili akapokea, wa tatu, na mara uwanja mzima ulikuwa unaimba wimbo wa mazishi kwa sauti nne zilizopangika. Walipomaliza beti wakaongeza nyingine. Mtu akanitandikia kanga juu ya shuka, kisha mwingine, kisha mwingine. Nilikuwa maiti wa kwanza Lusewa kutokwa jasho. Mwisho Mama Paskalia akaomba sala fupi, wote wakaitikia amina, wakabeba vigoda vyao wakaanza kwenda kwao taratibu, wakizungumza kwa sauti ya chini kama watu waliotoka makaburini.

Skola alimfuata Mama Paskalia jikoni.

"Mama, nilikuwa sijamaliza."

"Ulibakiza nini, mwanangu?"

"Maneno. Yale ya mwisho yote."

Mama Paskalia alikuwa anageuza makande kwenye chungu. "Pole sana. Tuliona unapiga magoti na hulii."

"Nilikuwa sijafika kwenye kulia."

"Ndiyo maana tukakulilia sisi. Unadhani tungekuacha hivyo hivyo?"

Skola alikula makande yake. Tulipokuwa tunafunga begi alinong'ona, "Nalasi hawajui nyimbo zetu za kanisani. Nalasi nitayasema."

Ijumaa ilikuwa siku ya barabara. Tulirudi Namtumbo, tukashika basi la Tunduru, lami ikapita katikati ya misitu ya miombo iliyopukutisha majani. Napenda siku za namna hii kupita kiasi. Dirisha linanitosha: moshi wa mtu anayechoma shamba, baiskeli yenye magunia ya mkaa inayosukumwa kilimani. Skola upande wake alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Alikuwa anayarudia.

Nalasi tulifika jua likielekea kuchwa. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na watu walikuwa wanatoka mashambani kuipuliza dawa ya unga ya salfa, nguo na nyusi zimegeuka njano. Mwenyeji wetu, Bwana Rashidi, alitupokea hivyo hivyo, wa njano kama kifaranga.

"Karibuni, Wangoni! Alhamdulillahi, mmekuja kwa amani safari hii?"

"Tumekuja na mkeka tu, bwana," nikamjibu.

"Babu zenu walikuja na mikuki. Mkeka ni maendeleo."

Mkewe, Bi Somoe, mwanamke wa umri wetu, mwembamba, mwenye cheko la kusikika nyumba ya tatu, alitushika mikono akatuuliza igizo linahusu nini. Skola akamwambia: mama Mngoni amefariki, binti yake amekuja kumzika.

"Mama wa Kingoni? Amekufa kweli?"

"Ndani ya igizo amekufa."

"Aa," akasema Bi Somoe, akamtazama mumewe. "Basi tutakuja."

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea tukiwa na akili zetu. Kila mtu mkoani kwetu anajua kwamba Wayao na Wangoni ni watani. Wazee walipigana, wajukuu wakarithi matusi ya kirafiki. Na anajua pia kwamba mtani hana ruhusa ya kukaa kimya kwenye msiba wa mtani wake. Tulilijua hilo kama tunavyojua majina yetu. Lakini tulidhani igizo ni igizo.

Jumamosi alasiri tulicheza kwenye uwanja wa karibu na soko. Watu wa Nalasi walitazama kwa adabu sana, karibu kwa kunitia wasiwasi. Kondakta hakufokewa. Mjomba hakushauriwa. Nikamwona Skola anapata nguvu. Nikalala, shuka likashuka usoni, hatua zikaja, magoti yakagusa mkeka.

"Mama," Skola akaanza. "Mama, nimefika."

"Umefika wapi?" sauti ikauliza kwa juu. Nikaitambua. "Nani kakuruhusu kufika? Ubani wetu uko wapi?"

Kutoka chini ya shuka dunia ni nyeupe na ina sauti tu. Nilisikia kishindo cha miguu mingi, nikasikia kicheko, kisha mkeka ukaanza kupanda juu. Nilikuwa hewani.

"Wallahi, mzito huyu! Mngoni kafa ameshiba!"

"Mshike miguu, asije akaamka akadai shamba!"

"Haziki mtu hapa mpaka tupewe chetu!"

Nikajiuliza kama maiti anaruhusiwa kusema. Mwandishi wa igizo alikuwa amenikataza. Kwa hiyo nilibebwa kimya mpaka kwenye meza ya mwuza mihogo, nikawekwa juu yake. Nilichungulia pembeni ya shuka. Bi Somoe alikuwa amevaa kanga yetu moja kichwani, ameinama, anatembea huku ameshika kiuno na kumfokea mtu asiyeonekana. Alikuwa anamwigiza marehemu. Uwanja ulikuwa unalia kwa kucheka. Katikati ya uwanja, peke yake mahali ambapo mkeka ulikuwepo, Skola alikuwa bado amepiga magoti. Kisha akainuka akaondoka.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ya Bwana Rashidi, macho makavu, amekasirika.

"Wameniharibia."

"Ni watani, Skola."

"Najua ni watani! Mimi sikuja kutaniwa. Nimekuja kusema na mama yangu."

Jumapili asubuhi, wakati tunangoja gari, Bi Somoe alikuja na beseni la mihogo akaketi kumenya karibu na Skola, ambaye aliitikia salamu yake kwa nusu mdomo. Bi Somoe akaweka kisu chini, akasimama, akakunja mikono, akavimbisha mashavu na kutembea kwa hatua ndefu kuelekea nyuma ya nyumba. Alikuwa Skola wa jana mtupu, hata namna anavyosukuma kitambaa cha kichwa akikasirika. Nilijitahidi nisicheke nikashindwa. Skola naye akashindwa.

"Wewe mwanamke mbaya sana," akasema.

"Mtani wako nitakuwaje mzuri?" Bi Somoe akaketi. "Lakini sikia. Jana sikufanya vizuri, na nimelala vibaya kwa ajili hiyo."

"Vizuri vipi? Watu walicheka mpaka wakakaa chini."

"Walicheka, ndiyo. Ila nilimwigiza mama yeyote wa Kingoni. Mtani hasa huvaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye, mpaka watoto wake wanasema, huyo, huyo ni mama kabisa. Mimi mama yako simjui. Alikuwaje?"

Skola akaanza kumweleza. Alikuwa mama mwenye upendo, akasema. Alijinyima kwa ajili yetu. Alikuwa nguzo ya nyumba.

Bi Somoe alimsikiliza huku anamenya. "Hayo siwezi kuyatembea, mtani. Alikuwa anavaa nini?"

Bwana Rashidi alipita na mashine yake ya kupulizia mgongoni, akatusalimia, akaenda zake.

"Sweta," Skola akasema mwisho. "Hata jua likiwaka. Sweta la kijani la kiume. Sijui alilitoa wapi."

"Ehee," akasema Bi Somoe, na kisu chake kikasimama. "Huyo sasa anaanza kuja. Endelea."

Lakini gari lilipiga honi.

Barabara ya kurudi Songea ilituchukua siku hiyo na sehemu ya iliyofuata. Safari hii midomo ya Skola haikucheza. Alitazama nje kama mimi. Mara moja alinigeukia akaniuliza bila utangulizi, "Kwani alilitoa wapi lile sweta?" Nikamwambia sijui, mimi sikuwahi kumwona mama yake. Akasema, "Kweli." Akarudi dirishani.

Songea, siku ya mwisho ya tamasha, saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa. Vikundi vyote vilikuwa vimerudi na vumbi la wilaya zao, kila kimoja na begi lake, tukatazamana kama watu waliotoka jando moja. Tuliitwa wa tatu.

Ulikuwa ukimya tuliouota tangu Lusewa. Watu wa mjini wamekaa kwa mistari, wengine wameinua simu kurekodi. Kondakta alipita, jirani mbeya akapata kicheko cha adabu, mjomba hakupingwa na mtu. Nilipolala niliwaza: leo hakuna kwaya, hakuna watani. Leo atafika mwisho.

Magoti yakagusa mkeka.

"Mama, nimefika. Najua nimechelewa, lakini njia yote nilikuwa nakuita." Sauti yake ilikuwa safi, haikutetemeka. "Wewe uliyekuwa nguzo ya nyumba yetu, uliyejinyima ili sisi tushibe..."

Akakoma.

Nikangoja. Ukumbi ukangoja. Nikahesabu pumzi zangu. Nikajua amesahau, na mimi maneno yale nilikuwa nimeyakariri kupitia ukuta wa Msamala. Nikafanya kosa ambalo maiti hatakiwi kulifanya. Nikanong'ona kutoka chini ya shuka: "Leo nguzo imeanguka..."

Ukumbi una masikio kuliko nilivyodhani. Mstari wa mbele mtu akaruka. "Maiti anasema!"

Kicheko kikapiga ukuta hadi ukuta. Nilitamani kaburi la kweli. Nikasikia Skola anavuta pumzi ndefu, nikasubiri nimsikie akiondoka kama Nalasi.

"Unaona?" akasema, lakini sasa alikuwa anasema na watu. "Amekufa, na bado ananifundisha cha kusema. Ndivyo alivyo huyu. Ukienda dukani anakufuata mlangoni kukwambia neno moja zaidi."

Nikanyanyua pembe ya shuka. Skola alikuwa amesimama. Alikuwa amevuta koti la mtu aliyekuwa ameketi mbele, akalivaa, mikono mirefu ikamfunika vidole, na mgongo wake ukainama kidogo upande wa kushoto. Akaanza kutembea. Sikuwahi kumjua mama yule, lakini nilimwona akitoka jikoni na kuufunga mlango kwa kisigino. Alimfokea kuku kwa jina la shangazi mmoja ambaye hakumpenda. Alionja mboga, akakunja uso, akasema, "Imekolea," akaongeza chumvi. Alihesabu wageni kwa kidole huku akitabasamu kwa mdomo, kisha akageuka pembeni akapunguza nyama kwenye sahani za watoto. Alimwita Skola kutoka mbali kwa sauti mbili, ya kwanza ya upole na ya pili ya fimbo. Watu walicheka, na kicheko kilikuwa kinabadilika kila safari. Nyuma kabisa mwanamke mmoja alisema, "Huyo ni mama yangu mimi." Shuka langu lilikuwa linatikisika kwa kicheko changu, na kila mtu aliliona.

Kisha akalivua lile koti taratibu, akamrudishia mwenyewe, akaketi kwenye mkeka kando yangu. Hapo ndipo alipolia. Hakulia kwa sauti ya jukwaani. Alilia kama mtu aliyeshushwa na basi usiku na ndiyo kwanza ameuona mlango wa kwao.

"Haya, mama," akasema. "Nimefika."

Hakuna aliyepiga makofi. Nilidhani tumeharibu. Kisha mtu mmoja akasema, "Pole." Wa pili akasema pole. Ikapita kwenye mistari yote, wanaume kwa wanawake, wengine wakisimama, pole, pole sana dada, mpaka waandaaji wenyewe wakasahau kumwita anayefuata.

Tulipokuwa tunakunja mkeka nyuma ya ukumbi, nilimwuliza kuhusu yale maneno. Ukurasa mzima na zaidi, ameubeba Lusewa, Nalasi, na kurudi.

"Siyataki tena," akasema. "Yale yalikuwa yananihusu mimi. Kuchelewa kwangu, uchungu wangu. Mama hakuwemo hata mstari mmoja."

Nimetembea sana maishani mwangu na mara nyingi nimerudi na vumbi tu. Safari hii nimerudi nikijua jambo moja kuhusu watu wa kwetu. Hawajui kutazama msiba. Ukiwaonyesha msiba wanaingia, kila mmoja kwa mlango wake: mwingine anaimba, mwingine anamteka maiti na kudai ubani, mwingine anakaa kimya mpaka umpe nafasi ya kusema pole. Nilidhani Lusewa na Nalasi walituzuia kumaliza igizo. Sasa naona lilikuwa limeandikwa kwa watu wawili, na wawili hawatoshi.

Niliufunga mkeka kwa kamba juu ya begi na kumwuliza Skola kama sasa ametulia, kama alivyoniahidi.

"Nitulie wapi? Wametuita Mbinga mwezi ujao. Jumatatu tunaanza mazoezi." Akanitwisha begi. "Na wewe, kaka Beno, ukajifunze kufa. Maiti gani huyo anayenong'ona?"